Kanzu ya Robo: Kumshonea Mwanasesere wa Viungo vya Gololi na Kumpiga Picha Mitaani Lamu

Wanaonionyesha kazi zao huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: nimepima vizuri, nimeshona polepole, mbona kanzu inasimama kama hema na picha bado inaonyesha sanamu juu ya meza?

Jibu ni lilelile. Umepunguza urefu na upana peke yake. Unene wa kitambaa, urefu wa kishono, uzito wa pindo, kimo cha kamera na ukubwa wa mlango ulio nyuma, vyote umeviacha vya mtu mzima. Jicho la mtazamaji halidanganyiki kwa urefu tu. Kila hatua hapa chini ni ya kupunguza kimojawapo cha hivyo vilivyosahauliwa.

Vipimo ninavyotoa ni vya mwanasesere wa robo, yaani robo ya kimo cha mtu, sentimita 43 hivi. Kwa wa theluthi, wa sentimita 60, zidisha kila kipimo kwa 1.4. Kwa mdogo wa sentimita 28, zidisha kwa 0.65. Lakini miili hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo nambari zangu zikupe mwanga tu. Za kukata kitambaa ni zile utakazopima mwenyewe.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kumvua nguo.

- Bafta nyembamba au melimeli kwa kanzu. Kitambaa cha marekani usikiguse: kwa mwili mdogo hivi ni kizito na kigumu, hata kwa nguo ya majaribio. Shuka kuukuu iliyolainika inafaa zaidi.
- Krepu nyepesi au hariri nyembamba kwa buibui.
- Uzi mwembamba wa pamba, na uzi wa kudarizi. Uzi wa kudarizi huja nyuzi 6 pamoja. Utatumia mmoja tu.
- Sindano ya mkono namba 10, na sindano ya cherehani namba 60 au 70. Sindano nene huacha matundu yanayoonekana kwenye picha.
- Vifungo vya kubonyeza vya milimita 5 au 6, na vishikizo vya milimita 4.
- Nailoni ya kufungia chakula, na tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi.
- Mkasi mdogo wenye ncha, pini nyembamba, penseli, pasi, wanga, gundi ya kitambaa.
- Shanga ndogo kabisa, za kutia ndani ya pindo.
- Mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Huu ndio utakaomsimamisha.
- Karatasi kubwa nyeupe ya kurudisha mwanga, na ubao wa upana wa sentimita 40.
- Simu au kamera, na kitu cha kuishikilia isitikisike.

## Hatua ya 1: Mpime akiwa amekunja viungo

Osha mikono, vua pete na saa. Rezini, ile plastiki ngumu ya mwili wake, hukwaruzika, na mafuta ya mikono huingia kwenye rangi za uso.

Toa wigi. Kisha mpime mara mbili: kwanza amesimama wima, halafu ameketi na viwiko vimekunjwa. Hapa ndipo wengi hupotea. Mwili wa binadamu ukikunja kiwiko, nyama hujibana. Mwanasesere akikunja, gololi iliyomo kwenye kiungo hutokeza nje na kiungo huwa kikubwa zaidi. Mkono uliokatwa kwa kipimo cha mkono ulionyooka utapasuka kwenye kiwiko, au utamzuia asikunje kabisa.

Andika mzingo wa kichwa bila wigi, shingo, kifua, nyonga akiwa ameketi, gololi ya bega, gololi ya kiwiko iliyokunjwa, urefu wa bega hadi kifundo cha mguu, na bega hadi kifundo cha mkono. Katika kila jozi ya vipimo, chukua kilicho kikubwa.

Angalia pia kichwa na shingo. Wanasesere hawa wana kichwa kikubwa: wa robo mara nyingi ana mzingo wa sentimita 18 hadi 20, na shingo ya 9 hivi. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua urefu wa mpasuo wa kanzu.

Onyo: Kichwa na viganja hushikwa na kulabu na mpira uliovutwa sana ndani ya mwili. Ukiamua kuvitoa ili nguo ipite, shika kulabu kwa nguvu na usiiachie ghafla. Kichwa hurudi kwa kishindo na rezini hupasuka.

## Hatua ya 2: Chukua umbo lake

Kwa kanzu na buibui vipimo vinatosha. Kwa blauzi, gauni la harusi au suruali ya kubana, unahitaji umbo lenyewe.

Mzungushie nailoni ya chakula kiwiliwili chote, tabaka mbili. Juu yake bandika vipande vifupi vya tepu ya karatasi mpaka nailoni isionekane. Chora kwa penseli mstari wa katikati mbele, wa katikati nyuma, wa ubavu na wa bega. Usitumie kalamu ya wino, kwani wino hupenya hadi kwenye rezini.

Kata ganda hilo taratibu kwenye mistari, ncha ya mkasi ikielekea nje. Lilaze mezani. Pale linapokataa kulala, likate kidogo hadi litulie. Mkato huo ndio utakuwa mkunjo wa kifua au wa kiuno. Lichore kwenye karatasi, ongeza milimita 5 za mshono pande zote.

Umefaulu ukiona vipande vya karatasi vikizunguka mwili na kukutana bila kuvutwa.

## Hatua ya 3: Pima rangi ya kitambaa

Rezini ina vitundu vidogo inavyonywea rangi. Nyeusi, nyekundu na buluu iliyokolea ndizo hatari, na joto na unyevu wa hapa Amu (Lamu) huharakisha mambo. Buibui jeusi la siku mbili linaweza kumwachia mabega ya kijivu yasiyotoka tena kwa sabuni.

Fua kitambaa kwa maji ya moto mara kadhaa, hadi maji yabaki meupe. Kisha lowesha kipande cha bafta nyeupe, kifunge ndani ya kitambaa hicho, weka kitu kizito juu yake, kilale mahali penye joto hadi asubuhi. Bafta ikitoka safi, endelea. Ikitoka na kivuli chochote, tafuta kitambaa kingine.

Usitegemee chumvi wala siki. Haviwezi kufunga rangi iliyotiwa kiwandani, na wanaoviamini ndio wanaoniletea wanasesere wenye madoa.

Hata kitambaa kikifaulu, nguo ya rangi nzito itie bitana ya melimeli nyeupe, na umvue kila baada ya picha.

## Hatua ya 4: Kata kanzu kwa mkato wa kale

Kanzu ndiyo nguo ninayomshauri kila mtu aanze nayo, kwa sababu mkato wake wa asili ni wa vipande vilivyonyooka: badani, mikono, taharizi na vikwapa. Hakuna mkunjo wa kifua wala duara la bega, na mikono huelekea mahali popote bila nguo kupanda.

Badani. Kipande kimoja kirefu kinachokunjwa begani, mbele na nyuma, bila mshono wa bega. Urefu wake ni mara mbili ya bega hadi kifundo cha mguu. Upana ni nusu ya kifua ukiongeza sentimita 1.5. Kifua cha 20, badani ya 11.5.

Mikono. Mistatili miwili. Upana ni mzingo wa gololi ya kiwiko iliyokunjwa ukiongeza sentimita 3.

Taharizi. Pembetatu mbili ndefu, zimechongoka juu, upana wa sentimita 5 chini. Zinapanua kanzu kuanzia kwapani hadi miguuni.

Vikwapa. Miraba miwili ya sentimita 3. Wengi huviacha kwa kuona ni vidogo mno. Usiviache. Bila kikwapa, mwanasesere akiinua mkono kanzu nzima hupanda hadi magotini, na huwezi kumpiga picha akibisha hodi, akifunga tanga au akimimina kahawa.

Kila ukingo uongeze milimita 5. Kwa melimeli, pitisha gundi nyembamba sana kwenye kingo kabla ya kushona ili nyuzi zisifumuke. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha kando, maana gundi nyingine hukauka na kuacha alama ya manjano.

## Hatua ya 5: Shona nguo ikiwa imelala

Fundi wa nguo za watu anaweza kufunga mbavu kwanza, halafu akatia mikono. Hapa vidole havipiti ndani ya bomba la sentimita 4. Kila kinachoweza kumalizwa kitambaa kikiwa kimelala mezani, kimalize kabla hujafunga ubavu.

1. Darizi kwanza. Chora shingo na mpasuo wa mbele katikati ya badani, lakini usikate. Nyosha kitambaa kwenye fremu, darizi pembeni mwa mistari kwa uzi mmoja. Usijaribu kuiga nakshi yote ya kanzu ya Idi. Mistari miwili na vidoto vichache vinatosha, kwani nakshi nyingi kwa ukubwa huu huwa donge.

2. Mpasuo. Ukate sasa pamoja na shingo, urefu wake sentimita 6. Hesabu ni hii: shingo 9, jumlisha 6 mara mbili, unapata 21, na kichwa cha 19 kinapita. Kwa bahati nzuri, mpasuo wa kanzu ya mtu mzima wa sentimita 25 hivi ukigawa kwa 4 unapata uleule 6, kwa hiyo macho hayashtuki.

3. Kaba, yaani ukingo wa shingo. Tumia utepe wa bafta uliokatwa mshazari, upana wa sentimita 1.5. Ushone, ugeuze, uukunge kwa mkono ndani. Funga mpasuo kwa kifungo kimoja cha kubonyeza, na juu yake shonea vishikizo viwili vya pambo.

4. Pindo za mikono, kisha mikono kwenye badani, vyote vikiwa bado vimelala.

5. Kikwapa. Pembe moja ielekee kiganjani, ya pili ielekee miguuni, ikutane na ncha ya taharizi. Piga bandi kwa mkono kwanza. Cherehani pekee huvuta pembe na kuacha tundu.

6. Mbavu na taharizi mwisho, kuanzia kwapani kwenda chini.

Weka cherehani kwenye kishono cha milimita 1.5 au chini kidogo. Kishono cha kawaida cha milimita 2.5 kwenye mwili wa robo kinasomeka kama kishono cha sentimita nzima kwa mtu, na hakuna fundi ashonaye hivyo. Ukimaliza kila mshono, punguza ukingo ubaki milimita 3, kisha upige pasi ukiwa wazi. Pasi si hiari hapa. Mshono usiopigwa pasi ndio unaoifanya nguo isimame mbali na mwili.

Pindo la chini likunje mara moja tu, milimita 5, ulibandike kwa gundi kidogo, kisha ulikunge kwa mkono. Kukunja mara mbili huongeza tabaka, na tabaka huleta ugumu.

Umefaulu kama, akiwa amesimama, kanzu inashuka wima hadi kifundo cha mguu. Na akiinua mkono mmoja juu ya kichwa, pindo halipandi zaidi ya sentimita 1.

## Hatua ya 6: Ilazimishe nguo ianguke

Hii ndiyo hatua isiyoelezwa, na ndiyo inayotenganisha nguo ya mwanasesere na nguo iliyopunguzwa. Nguo ya mtu huanguka kwa uzito wake. Ukipunguza kitambaa hadi robo ya urefu na robo ya upana, kinabaki sehemu 1 kati ya 16 ya uzito, ilhali ugumu wa nyuzi haujapungua hata kidogo. Lazima ukisaidie.

Kwa kanzu na buibui, tia shanga ndogo ndani ya pindo, moja kila baada ya sentimita 2, na uzifunge kila moja kwa kishono ili zisikusanyike upande mmoja.

Kwa mikunjo, mvishe, funika uso wake kwa nailoni, nyunyiza maji kidogo kwenye nguo, panga mikunjo kwa vidole na uishike kwa pini kwenye kitambaa, si kwenye mwili. Iache ikauke kabisa. Nguo nyeusi usiifanyie hivi ikiwa mwilini. Ipange juu ya chupa yenye unene sawa na wake.

Leso ina tatizo jingine: maua yake. Leso ya kweli ina urefu wa mita 1.5 hivi, na ukikata kipande chake unapata ua moja linalomfunika kifua chote. Kwa robo unahitaji kipande cha sentimita 37 kwa 27 chenye pindo, mji na jina kamili. Chukua bafta nyeupe, chora pindo pande zote nne kwa kalamu za kitambaa, weka mji katikati na jina chini yake kwa herufi za milimita 4. Piga pasi juu ya karatasi ili rangi ishike, kisha irudishe kwenye jaribio la hatua ya 3. Kata mbili, maana leso ni jozi.

Kikoi ni rahisi zaidi: kata ukingoni tu, penye mistari myembamba.

## Hatua ya 7: Kofia

Kata ukanda wa bafta wa tabaka mbili, upana sentimita 2.5, urefu sawa na mzingo wa kichwa akiwa na wigi fupi au bila wigi. Kata duara la juu. Toboa vito, yaani matundu ya pambo, kwa sindano nene, uzungushie kila tundu uzi mmoja, na acha nafasi kubwa kati yao. Unga, tia wanga, ikaushe juu ya chupa. Kofia ya vito ya mtu huchukua wiki nyingi za kazi ya mkono. Hii itachukua jioni kadhaa, na ndiyo watu watakayoitazama kwanza.

## Hatua ya 8: Chagua mahali na saa

Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Lamu, ni studio tayari. Kuta ndefu zilizopakwa chokaa hurudishiana mwanga, na kivuli chake ni laini. Nenda saa mbili au saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri. Usitumie flashi: iko karibu na inatoka mbele, kwa hiyo hufuta mikunjo yote uliyoipanga.

Jua kali usimweke zaidi ya dakika chache. Miali ya urujuanimno hugeuza rezini kuwa manjano, na hapa karibu na ikweta miali hiyo ni mikali mwaka mzima. Ufukweni Shela picha ni nzuri, lakini mchanga ukiingia kwenye gololi husaga rezini kila anapokunja goti. Mvalishe soksi za nailoni chini ya kanzu, msimamishe juu ya kitambaa kilichofunikwa mchanga kidogo, na umpanguse kwa brashi laini kabla ya kumkunja. Wakati wa kusi, mfunge kabla hujamwachia mkono.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Usipige msumari, usibandike tepu kwenye lipu wala kwenye mlango wa nakshi. Piga hodi kwa mwenye daka (baraza la mlangoni) kabla ya kukaa hapo, usimweke mlangoni pa msikiti, na usiwaingize wapita njia kwenye picha bila ridhaa yao.

## Hatua ya 9: Mlinganishe na mji

Mlango wa mita 2 ukiwa hatua moja nyuma yake hufichua kila kitu, kwa sababu yeye anahitaji mlango wa sentimita 50. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kujenga: ukuta wa kadibodi uliopakwa chokaa yenye mchanga kidogo, zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizokatwa ndani yake, mkeka mdogo wa ukili mwembamba, boriti za vijiti.

Ya pili hutumia mji wenyewe, na ndiyo niipendayo. Kanuni yake: mwanasesere wa robo, mandhari yawe mbali na kamera mara 4 ya umbali wake yeye, wa theluthi, mara 3. Akiwa mita 1 kutoka kwenye kamera, mlango uwe mita 4 kutoka kwenye kamera.

Umbali peke yake hautoshi. Kamera iwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama, mita 1.6, na macho ya mwanasesere yawe kwenye kimo hichohicho. Kwa kuwa macho yake yako sentimita 40 juu ya nyayo, miguu yake isimame juu ya ubao ulioinuliwa mita 1.2. Ukifanya hivyo, nyayo zake zitaonekana zikigusa ardhi mbele ya mlango ule.

Ubao uanzie visigino vyake na uje upande wa kamera, usitokeze hata kidogo nyuma yake. Uupake gundi na uunyunyizie vumbi la kichochoro kilekile. Mwanga umpige yeye na mlango kutoka upande mmoja. Yeye akiwa kivulini na mlango juani, hila imevunjika.

Hapa simu huishinda kamera kubwa, kwa sababu lenzi yake ndogo huonyesha karibu na mbali vyote vikiwa wazi. Mwenye kamera afunge tundu la lenzi hadi f/11 au f/16 na atumie kishikizo imara.

## Hatua ya 10: Msimamishe na upige

Pitisha mshipi chini ya kwapa ndani ya kanzu, utoke nyuma ya kaba, ufunge juu kwenye boriti au kijiti. Uzito uwe mguu mmoja, goti la pili lilegee, bega moja lishuke kidogo. Vidole vishike kitu: buli, kamba, ukingo wa leso. Geuza macho yake yatazame kitu kilichomo ndani ya picha.

Ukiwa kwenye ukuta wa kadibodi, kamera ishuke hadi usawa wa macho yake, hata ikibidi ulale kifudifudi. Picha ya kutoka juu ndiyo inayomgeuza kuwa kitu cha mezani. Rudi nyuma na ukuze picha mara 2. Lenzi pana ikiwa karibu huvimbisha pua na kichwa. Ile modi ya simu ya kufifisha nyuma izime, maana hukata nywele za wigi, na ukungu mwingi ndio unaotangaza udogo wake. Gusa jicho lililo karibu ili ndilo liwe wazi kabisa, weka karatasi nyeupe upande wa kivuli, kisha piga nyingi ukibadilisha kichwa kidogo kidogo.

Kabla ya kufungasha, kuza picha moja hadi mwisho. Tafuta mshipi unaong'aa, uzi uliochomoza kwenye pindo, nywele iliyokatiza jicho, vumbi kwenye shavu. Kila kimoja hurekebishwa kwa sekunde chache hapo hapo, na kwa saa nzima nyumbani.

Ukifika nyumbani mvue yote, mpanguse kwa kitambaa kikavu hasa kwenye kulabu za shingo na viganja, kwani chumvi ya hewa ya bahari hutia kutu. Kanzu itundike. Buibui lisilale naye kwenye sanduku moja.